Kuupa Mchezo Mgongo

Kazi ya mlinzi wa uwanjani ni kuupa mchezo mgongo. Watu hawaamini nikiwaambia. Nikipiga simu nyumbani Nyahururu na kusema jana nilikuwa kwenye mechi kubwa, ndugu zangu huuliza nani alicheza vizuri, nami huwa sina jibu. Hapa Dubai nimesimama kwenye kriketi, raga, tenisi na pambano moja la ndondi, na yote niliyoyaona ni watu wanaotazama. Najua jinsi mtu mzima anavyotafuna kucha timu yake ikizidiwa. Najua yupi kaja na mke wake na yupi kaja na wa mwenzake. Mchezo wenyewe nausikia nyuma yangu tu, kama ugomvi wa majirani ukutani.

Haya ninayoyaeleza yalitokea kwenye mechi ya besiboli, mchezo ambao mpaka leo sijui vizuri pointi zake zinahesabiwaje. Nilisimama pale tangu mwanzo hadi mwisho na sikuona mpira hata mmoja ukipigwa. Mmoja niliuona ukishuka, na huo natamani nisingeuona.

Wakati ule nilikuwa nakaa International City, kwenye chumba cha vitanda vya juu na chini: Wakenya kadhaa, Mganda mmoja, na Mtanzania mmoja wa Morogoro ambaye sote tulimwita Kaka kwa kuwa alituzidi umri. Kampuni ya ulinzi ilituchukua hapo kwa basi na kuturudisha hapo kwa basi, na kati ya basi na basi tulisimama. Kaka alilala kitanda cha chini yangu. Alikuwa na adabu kupita kiasi, na mwanzoni adabu hiyo ilinikera. Sisi tukitaka chumvi tunasema, "Leta chumvi." Yeye angeanza, "Samahanini jamani, kama haitakuwa usumbufu, naombeni mnisogezee hiyo chumvi," na kabla hajafika mwisho ugali umepoa. Nilimwambia Dubai haina muda wa mambo hayo. Alicheka tu.

"Dogo, una haraka ya kwenda wapi? Zamu ni ileile."

Lakini uwanjani hakuna kati yetu aliyemfikia. Kabla ya kuja huku alikuwa mlinzi wa viwanja Dar es Salaam, na alishasimama kwenye mechi za watani wa jadi, zile ambazo mji mzima hugawanyika na watu wakanuniana mpaka ndani ya ndoa. Huko ndiko alikojifunza kusoma umati. Alitufundisha chumbani, kaketi kitandani, miguu yake iliyovimba kwa kusimama imo ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Watu wakiinuka wote kwa pamoja, msiogope kelele," alisema. "Angalieni macho. Wakitazamana wao kwa wao, wakakumbatiana, hilo ni goli, waacheni wafurahi. Wakikutazama wewe, hao wanakuja. Hapo usirudi nyuma hata kidogo. Panua mikono, viganja mbele, kanyaga chini. Ukirudi nyuma wameshakupita."

Tuliichukua hiyo kuwa sheria yetu. Mimi iliniokoa kwenye mechi moja ya kriketi, kundi la vijana walipotaka kuruka uzio kumfuata mchezaji wao. Walinitazama mimi, nikapanua mikono, wakasita, wakarudi kukaa. Siku ile nilijiona mwanamume kamili, na Kaka alinisifu kwenye basi njia nzima.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Aliupenda mchezo, mchezo wowote, hata ule asioujua. Mimi kuusikia mgongoni kulinichosha, yeye kulimtesa. Kwenye kriketi fulani alisikia uwanja mzima ukivuta pumzi, na shingo yake, kama alivyotueleza, ikageuka yenyewe. Kamera ikamnasa. Akatokea kwenye skrini kubwa, mlinzi na sare yake, mdomo wazi, anatabasamu, umati kaupa kisogo. Watazamaji walicheka na kumpigia makofi. Wenye shughuli hawakucheka. Msimamizi wetu, bwana ambaye tulimwita sir na ambaye sikuwahi kumwona akiketi, alimsimamisha mbele yetu sote kando ya basi.

"One more time you turn, visa cancel. Khalas."

"Yes, sir," Kaka akasema. Khalas kwa Waarabu ni imekwisha, hakuna mjadala.

Kwa mwingine yeyote hivyo vingekuwa vitisho vya kawaida, vile tunavyovisikia tukivimeza kila wiki. Kwa Kaka vilimshika pabaya, kwa sababu mkewe alikuwa anakuja. Mama huyo alikuwa amepata kazi ya kusafisha vyumba kwenye hoteli ndogo huko Al Muraqqabat, na visa yake ilikuwa imeshaanza kushughulikiwa. Walikuwa hawajaonana tangu mtoto wao wa mwisho akinyonya, na sasa mtoto huyo alikuwa anakwenda shule mwenyewe. Hawangekaa pamoja, hilo walilijua. Yeye angelala na wafanyakazi wenzake wa hoteli, Kaka angebaki kwenye kitanda chake cha chini. Lakini siku za mapumziko wangekutana, wangetembea kandokando ya maji kule Deira, wangekula kwenye meza moja. Kaka aliyataja mambo hayo madogo moja moja kama mtu anayetaja vyakula wakati wa mfungo. Nilimwonea wivu, nisifiche. Mimi wangu alishachoka kungoja.

Kwa hiyo sote chumbani tulijua mambo yalivyo: Kaka akigeuka mara moja tu, anarudishwa kwao, na mkewe atafika Dubai amkose. Tulimtania, tukamwambia tutamfunga shingo kwa kamba. Yeye hakucheka na utani huo. Alianza kufanya mazoezi. Tukiwa tunatazama mpira kwenye simu ya Mganda wetu, yeye alikaa anatazama ukuta, anausikiliza tu, anajizoeza kutogeuka hata wakipiga kelele za goli. Nilimwona hivyo jioni moja na sikupenda. Sikujua kwa nini sikupenda.

Basi ikaja mechi ya besiboli. Timu zilikuwa mbili, za wachezaji wa kulipwa, na kila moja ilibeba jina la nchi yake. Nchi hizo ni majirani kule Asia ambao ugomvi wao huna haja nikusimulie. Kichekesho ni kwamba wachezaji wengi hawakuwa wa huko hata kidogo. Walikuwa wameletwa kutoka Marekani na visiwa vya huko, wakavalishwa nyekundu na kijani. Mashabiki hawakujali. Walikuja na bendera, na ngoma, na hasira zao za miaka yote.

Uwanja wenyewe uko nje ya mji, barabara inapoanza kumezwa na mchanga. Tulishuka kwenye basi mchana, na hewa ilikuwa nzito, ya rangi ya vumbi, jua limebaki duara jeupe ambalo unaweza kulitazama bila kukunja uso. Upepo ulikuja kwa vipindi. Ulivuma, ukatulia kabisa, halafu ukavuma kutoka upande mwingine. Mganda wetu alisema kwa hali ya hewa kama hiyo, kwao watu hawatoki na ng'ombe. Nilimwambia akome.

Sir alitupanga mstari akatupa maelekezo, na ninayakumbuka kwa sababu yalikuwa marefu kuliko siku zote. Alituonyesha wapi watakaa wekundu na wapi watakaa kijani. Alituonyesha njia katikati ya makundi hayo mawili. Chupa, fataki, miti ya bendera, matusi ya dini, vyote alivitaja. Wakipigana usiku huu, alisema, dunia nzima itaona, na kampuni itapoteza kazi, na ninyi mtapoteza zaidi. Macho kwa umati muda wote. Mpira wenyewe hakuutaja kabisa, na hakuna kati yetu aliyeuliza. Tungeuliza nini? Kwenye kriketi mpira mgumu tuliuzoea, lakini huko tulisimama mbali, nyuma ya kamba, na ulitufikia ukibiringika kwenye nyasi umeshachoka.

Kwenye njia ile ya katikati, kati ya wekundu na kijani, sir alimweka Kaka. Alijua kazi ya mtu wake. Mimi nilipangwa kwenye mstari huohuo wa chini, mbele ya kijani, mbali naye kidogo, kiasi kwamba nikigeuza shingo pembeni, jambo ambalo tuliruhusiwa, nilimwona vizuri lakini nisingeweza kumsemesha. Nyuma ya mpigaji kulikuwa na wavu mrefu wa kukinga watu. Nilipokuwa nakwenda kushika nafasi yangu niliufuata kwa macho. Uliishia kabla ya kufika kwetu.

Mchezo ulianza, na nikaupa mgongo. Sauti ya besiboli ni tofauti na michezo yote niliyowahi kuisikia. Ni ukimya mrefu, watu wanakula, wanasimuliana, halafu *ta!*, mlio mkavu kama wa kupasua kuni, na macho yote yanaruka juu. Hujui mpira umekwenda wapi. Unangoja tu, mabega yamekaza, mpaka uone macho yameshuka. Nilikaa na hilo kwa muda, nikajiambia nitazoea, na sikuzoea.

Kisha mmoja ukatua kwetu. Nilisikia mlio, nikaona watu wa mbele yangu wametawanyika wakicheka, na mpira ukapiga kiti kitupu mstari wa pili, kiti kikatoa sauti ya kuvunjika. Mwanamume mmoja aliudaka uliporuka. Mimi, kwa akili zangu za kriketi, nilimfuata nikamnyooshea mkono anirudishie. Jukwaa zima lilinizomea. Mzee mmoja wa Kimarekani, aliyekuja na glovu ya ngozi iliyochakaa, alinieleza kwa upole kwamba katika mchezo huu mpira uliopotea pembeni ni mali ya aliyeudaka. Nikaona aibu, nikarudi mahali pangu.

Yule mzee hakuniondolea macho.

"Rafiki yangu," aliniambia kwa Kiingereza, "umesimama mahali pabaya. Geuka uutazame mpira."

"Siruhusiwi."

Alidhani namtania. Alipoona sikutanii, uso wake ulibadilika, akaivaa glovu yake, akasogea kiti cha mbele kabisa. Akasema yeye atanitazamia. Akipiga kelele, nilale chini, nisiulize. Nilimshukuru. Halafu nikageuza shingo kumtazama Kaka, na mbele yake hakukuwa na mzee wa kumtazamia. Kulikuwa na njia tupu, na kila upande wa njia watu ambao kwao besiboli ilikuwa ngeni kama ilivyokuwa kwetu.

Nilichukua redio. "Kaka, skiza, huu mpira unaingia kwa watu na—"

"English only!" Sauti ya sir ilinikata. "Keep the channel clear."

"Sir, the ball is coming to the people. Very strong."

"It is normal. Watch your crowd."

Kaka alinyanyua kidole gumba kutoka kule, kwamba amesikia. Lakini alisikia nini? Kwamba mpira unaingia kwa watu, kwa hiyo watu watasukumana kuugombea, kwa hiyo awe macho na watu. Nilimjua jinsi anavyofikiri. Ningeweza kuondoka mahali pangu nikamfuata, na wote wawili tungepanda ndege wiki hiyohiyo. Nikatulia nikimwangalia mpokezi wa zamu, Mganda wetu, aliyekuwa anapita mstarini kumpumzisha kila mmoja kidogo akanywe maji. Alianzia mwisho wa kule kwa wekundu. Akimfikia Kaka, Kaka atapita nyuma yangu kwenda kwenye maji, nami nitamwambia kwa mdomo wangu. Niliyaweka matumaini yangu yote kwa Mganda yule, na yeye alikuwa anatembea kama mtu aliyetoka kula.

Wakati huo makundi mawili yalianza kuchokozana. Wekundu walikuwa wamezidiwa, nilijua kwa sura zao. Mtu wa kijani alivuka kidogo njiani akapunga bendera yake mbele ya nyuso zao. Wekundu wakasimama. Kaka aliingia katikati na nilimwona midomo yake ikicheza; naapa alikuwa anawaambia samahani. Alimrudisha yule mtu kwa kumshika kiwiko kama mgeni wa harusi. Ngoma zikapanda. Taa za uwanja zilikuwa zimewashwa na vumbi lilielea ndani yake, na upepo ukasimama tena, kimya kabisa. Sir akasema redioni, "Center aisle, stand firm. They are coming, stand firm."

"Yes, sir."

Mganda wetu alikuwa amebakiza mlinzi mmoja tu kumfikia.

*Ta!*

Yule mzee wa glovu hakupiga kelele. Nilimtazama yeye kwanza, Mungu anisamehe kama hilo nalo ni kosa, nikaona macho yake yananiacha, yanakwenda upande wa Kaka. Nikageuza shingo. Wekundu na kijani walikuwa wameinuka wote, kwa pamoja, mikono juu, wanapiga makelele kwa lugha zao, na kila jicho katika majukwaa yale mawili lilikuwa limemwelekea Kaka.

Kaka aliwaona. Alifanya alichokijua kuliko sote. Alipanua mikono, akaweka viganja mbele, akakanyaga chini.

"Kaka, lala! Lala chini!" nilipiga kelele, na sikujisikia mwenyewe. Wao walizidisha kumpungia, wengine wakimwashiria kwa mikono yote miwili aondoke, aondoke, na kadiri walivyozidisha ndivyo alivyozidi kusimama imara. Mpira niliuona mwishoni kabisa, ukitoka kwenye mwanga, mweupe, wala haukuonekana na haraka. Ulimpata nyuma ya sikio. Alipiga magoti kwanza, mikono bado imepanuka, halafu akalala kifudifudi.

Kelele zilizimika palepale. Kisha walishuka kweli, wekundu na kijani pamoja, wakiruka viti, wanakuja kumnyanyua. Redio ikasema, "Hold the line! Nobody crosses! Hold the line!" na kuna wenzetu walioitii, wakapanua mikono kuwazuia watu waliokuwa wanakuja kumsaidia mwenzetu. Mimi nilikimbia. Nilimkuta mwanamke wa kijani, daktari, ameshampita kila mtu, yuko chini, ananiamuru nisimguse shingo. Mwanamume wa nyekundu aliikunja bendera yake akaniwekea mkononi, nikaielewa, nikaishikilia penye damu. Kaka alikuwa anapumua. Jicho moja lilikuwa wazi, na lilitazama nyasi.

Gari la wagonjwa lilimchukua. Nilitaka kupanda, sir akaniambia nirudi kwenye nafasi yangu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa Kikikuyu, maana ndiyo lugha iliyonijia, na nadhani aliyaelewa kwa namna nilivyoyasema. Lakini nilirudi. Tulirudi sote. Mchezo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Nilisimama nimeupa mgongo hadi mwisho, na kila ule mlio mkavu uliposikika nilifumba macho. Watazamaji wa kijani mbele yangu hawakuutazama mchezo tena. Walinitazama mimi, kwa huruma, na huruma hiyo nilitamani kumpiga nayo mtu.

Kaka hakufa. Fuvu lilipasuka, wakamfungua, wakamfunga. Nilipoanza kuruhusiwa kumwona alikuwa anatafuta maneno kama mtu anayetafuta swichi gizani, alisema "kile... kile cha kunywea" akimaanisha kikombe. Upande mmoja wa mwili ulikuwa hauna nguvu, na akisimama dunia inamzunguka. Mlinzi asiyeweza kusimama, kampuni itamfanyia nini? Walimwandikia kwamba hafai tena kwa kazi, wakamkatia tiketi. Visa ya mkewe ilikuwa imeshatoka, na siku yake ya kusafiri ilikuwa karibu sana. Nilikwenda ofisini nikamwomba sir wamsubirishe Kaka siku hizo chache tu, aonane na mkewe uwanja wa ndege, hata kwa dakika. Niliomba kwa adabu, kama Kaka angeomba, samahani na tafadhali zote.

"Ticket is booked," alisema. "Khalas."

Nduguye ndiye angempokea akitua Dar. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka pale ambapo watu wasiosafiri hawapiti. Alinishika mkono kwa ule wenye nguvu, akatafuta neno, akalikosa, akacheka kidogo, na mhudumu akamchukua.

Mkewe alifika. Watu walimshauri abaki nyumbani amuuguze, lakini nyumba hiyo sasa ilikuwa na mgonjwa na watoto, na kazi iliyopo ilikuwa moja tu, hii ya huku. Kwa hiyo akampita mumewe njiani. Nilimwacha azoee kwanza, kisha siku yake ya mapumziko nikaenda kumsalimu Al Muraqqabat. Tulikaa kwenye mkahawa mdogo wa chai karibu na hoteli yake. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuamrisha. Aliniita shemeji, akanikaripia kwa kukonda, akaniagizia sambusa bila kuniuliza. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kuchubuka kwa dawa za kusafishia.

Tulizungumza ya nyumbani. Kaka sasa anatembea kwa kushika ukuta. Watoto wanamfundisha majina ya vitu. Halafu alifuta vidole kwa karatasi, akatoa simu, akaniwekea mezani.

"Shemeji, hii ilitufikia kabla hamjapiga simu," alisema. "Jirani ndiye aliyenionyesha. Haina sauti. Nimeitazama mpaka basi, na kuna jambo silielewi."

Ilikuwa ni video ya siku ile uwanjani, mtu aliichukua kutoka juu ya jukwaa. Kaka anaonekana mdogo kule chini, mikono imepanuliwa. Umati umeinuka. Aliisimamisha kabla mpira haujafika.

"Hawa watu wote wanamwambia nini?"

"Wanamwambia akimbie. Mpira unakuja."

"Wote hawa?"

"Wote."

"Na yeye anawaona."

"Anawaona. Alidhani wanakuja kupigana. Ndiyo maana kapanua mikono, awazuie."

Aliisogeza simu karibu na uso. "Si angegeuka tu, akaangalia."

"Aliambiwa asigeuke, shemeji. Alipewa onyo."

"Angegeuka wangemfanya nini?"

Nilitazama nje. Kulikuwa na mtu anashusha mablanketi kwenye gari, na nilimtazama kwa muda. Kumdanganya nilishindwa.

"Wangemrudisha nyumbani. Naye alitaka akukute hapa."

Chai yake ilifanya utando juu. Kwenye simu Kaka aliendelea kusimama, mikono imepanuka, watu wote wa majukwaa mawili wakimpungia.

"Yule bwana," alisema mwishowe, "adabu anayo, lakini kusikia, hapana. Namwambia usipande paani na mvua, anapanda. Namwambia mtoto ana homa usimtoe nje, anamtoa. Mama yake mzazi alishanyoosha mikono. Tangu nimjue, shemeji, hajawahi kumsikiliza mtu." Aliifunika simu kifudifudi juu ya meza. "Akaja kusikiliza huku."

Kisha aliinuka akaenda kulipia chai, na mimi nikabaki nimekaa.